Vidokezo 6 vya Kununua Kitu cha Kudumu Eastlands

Katika masoko ya Eastlands, Nairobi, kuanzia Gikomba hadi Kariobangi, Burma hadi Mutindwa, huwezi kukosa unachotafuta. Shida ni kwamba tunanunua mbiombio, tunaangalia rangi na bei, kisha baada ya miezi michache tunarudi sokoni kutafuta kitu kile kile. Kitu huanza kuharibika pale kilipoungwa: kwenye mshono, ribiti, gundi au msumari. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza.

1. Uliza geji kabla ya bei.
Kwa masanduku ya shule, nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Hawa si wageni mjini. Rais Moi aliwatembelea mwaka 1985, na vibanda vikajengwa ili wasiendelee kugonga chuma juani. Mwambie fundi, “Habari ya kazi, fundi? Hili sanduku ni la geji ngapi?” Hesabu ya geji huenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32.

Sasa bonyeza kifuniko katikati kwa kidole gumba. Kikibonyea na kulia, hakitavumilia kurundikiwa masanduku mengine juu ya basi. Pitisha kidole polepole ukingoni: bati lililokunjwa vizuri halikwaruzi, na mkunjo huo ndio unaolipa sanduku nguvu. Halafu lifungue utazame kwa ndani, nyuma ya bawaba na pale pa kufuli. Ribiti iwe imepondwa ikalala sawasawa na bati. Ikicheza ukiisukuma, mwombe fundi aigonge tena ukiwa hapo hapo. Nyundo anayo, na wengi hawakatai.

2. Jiko la makaa litazame tumboni.
Jiko lenye kiuno chembamba na udongo ndani lilianza kuenea Kenya miaka ya mwanzo ya 1980, na sifa yake ni kula makaa kidogo. Bati la nje mara nyingi ni la mapipa ya zamani. Udongo wa ndani ndio roho yake. Ugonge kwa kifundo cha kidole: uliochomwa vizuri na usio na ufa hulia kwa sauti kavu, wenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Tikisa jiko uone kama udongo umeshikana na bati; ukicheza, utaanguka.

Ukifika nyumbani, liwashe mara ya kwanza kwa moto mdogo, na usizime makaa kwa maji yakiwa ndani ya jiko, kwa sababu udongo wa moto ukimwagiwa maji hupasuka. Ukipasuka, usitupe jiko zima. Kipande cha udongo hupatikana peke yake, na fundi atakutilia kipya kwa bei nafuu kuliko jiko jipya.

3. Viatu vya mitumba: soli kwanza, jina la kampuni baadaye.
Wauzaji wa Gikomba huita mzigo bora “kamera”, na kwa kweli huwa unang’aa. Lakini soli nyingi nyepesi zenye povu huoza zikikaa miaka mingi, hata kama kiatu hakijavaliwa. Kikunje kiatu mbele, kisha bonyeza soli kwa ukucha. Ikibaki alama au ikitoa unga, kirudishe mahali pake. Iliyoshonwa kwa uzi kuzunguka pembeni inashinda iliyobandikwa gundi pekee. Kama umependa kiatu cha gundi, kipeleke kwa fundi wa viatu mtaani akishone kabla hujakivaa. Ukingoja soli ifunguke, vumbi na maji vitakuwa vimeshaingia ndani.

4. Akala haina mpinzani.
Ndala ya tairi la gari huvaliwa na kurithiwa. Chunguza mambo mawili tu: nyaya za tairi zisichomoze pembeni, na misumari ya mikanda isitokeze unapokanyaga. Ingiza mkono upapase.

5. Sofa iinue kona moja.
Inua mguu mmoja wa mbele kidogo tu. Mguu wa pili wa mbele ukiinuka karibu papo hapo, fremu ni imara. Ukichelewa kunyanyuka, fremu inajikunja na viungo vimelegea. Kisha geuza sofa utazame chini: mbao zilizounganishwa kwa ulimi na tundu hukaa miaka mingi kuliko zilizopigiliwa misumari tu. Muuzaji anayekukataza kugeuza sofa amekwisha kukujibu.

6. Agiza mapema.
Kitu kilichotengenezwa kwa oda hupita cha rafu karibu kila mara, kwa kuwa unachagua bati, unachagua bawaba, na fundi anajua utarudi kwake. Lakini mpe nafasi. Wiki ya kufungua shule Januari, Kamukunji hujaa wazazi na masanduku hugongwa kwa pupa. Mzazi mwenzangu, peleka oda yako Novemba, ulipe bei ya haki bila kumkaba fundi, na uchukue namba yake ya simu.