Kukata akriliki bila kuipasua

Fundi wa Kyarumba anayeagizwa kibao cha duka au kizuizi cha kaunta huko Bwera mara nyingi huletewa akriliki, ile ambayo wengi huiita kioo cha plastiki. Uzito wake ni kama nusu ya kioo, na haimwagi vigae ikianguka. Lakini ukiishika kwa mazoea ya mbao, itakutia hasara.

Adui yake ni joto. Ikikaribia nyuzi 100 huanza kulegea, na msumeno unaosugua hufika hapo upesi. Mkato huziba nyuma ya meno: plastiki imeyeyuka, ikashikana tena. Ndiyo maana nawasihi mafundi waache kabisa grainda kwa kazi hii.

Kipande cha milimita 3 au pungufu hakihitaji umeme. Chukua kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, unoe ncha yake iwe kama ndoano, huku ukiichovya majini isipoteze ugumu. Bana rula ya chuma juu ya alama, kisha vuta ndoano kuelekea kwako, mara 10 hadi 15, kwa mkono mwepesi. Kila mvuto utoe uzi mweupe uliojikunja. Ukipata unga tu, ncha imekuwa butu. Mfereji ukifika karibu theluthi ya unene, ulaze juu kabisa ya ukingo wa meza, kisha bonyeza upande unaoning'inia kwa pigo moja. Ukisitasita, ufa hupotea njia.

Kwa bamba nene, jigiso hufaa, ila badilisha wembe. Wa mbao una meno makubwa yanayomega kingo. Tafuta wenye meno 10 hadi 14 kwa inchi, mwendo uwe wa wastani. Kwa msumeno wa mezani wa inchi 10, nunua bleti ya meno 60 hadi 80 yenye ncha za kabaidi. Ni ghali, lakini mkato wake karibu hauhitaji msasa. Karatasi ya kukinga usiibandue, na bana bamba pande zote mbili za mstari, maana likitikisika hupasuka. Vaa miwani.

Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita 1 au 2. Bamba la mita moja likipata joto zaidi kwa nyuzi 20, kama kibao kinachopigwa na jua la Kasese mchana, hurefuka milimita 1.4 hivi. Tundu likibana, ufa huanzia hapo. Weka ubao chini unapotoboa, na ulegeze mkono keekee inapokaribia kutokea upande wa pili.

Kingo zikwangue kwa mgongo wa wembe wa msumeno, kisha msasa wa maji namba 320, halafu 600. Usafishe kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Petroli, thina na spiriti ziweke mbali: huacha nyufa nyembamba kama nywele, nyingine zikijitokeza siku kadhaa baada ya mteja kuchukua mali yake.