Namna ya Kutumia Mfano wa Nchi katika Insha ya Siasa za Kanda

Insha ya siasa za kanda hupata nguvu pale nchi inayotajwa ndani yake inapotumika kuipima hoja, wala si kuipamba. Uchunguzi kifani, yaani uchambuzi wa kina wa nchi moja au tukio moja ili kulielewa jambo pana zaidi, huanza na swali mahususi. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita aliyeko Nyamuswa, mkoani Mara, swali lililo karibu ni kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, ambapo mpaka wa Tanzania na Kenya, kikiwamo kituo cha mpakani cha Sirari kilicho mkoani humohumo, ulifungwa na haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983.

Hatua ya kwanza ni kuichagua nchi kwa sababu inayoelezeka. Tanzania inafaa kupima hoja kwamba Jumuiya iliangushwa na tofauti za itikadi, yaani ujamaa wa Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania wakati huo, dhidi ya ubepari wa Kenya.

Hatua ya pili ni kuzipanga tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, nao mkataba wa Jumuiya ukatiwa saini Juni mwaka huohuo. Kwa hiyo tofauti hiyo ilikuwapo tangu mwanzo, na peke yake haielezi kwa nini muungano ulidumu miaka kumi kisha ukavunjika.

Hatua ya tatu ni kuziuliza nchi nyingine maswali yaleyale. Nchini Uganda, Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka ya Jumuiya, yaani chombo cha juu cha marais watatu wa Tanzania, Kenya na Uganda, ikashindwa kukutana, hivyo migogoro ya fedha za mashirika ya pamoja, kama vile ya reli na ndege, ikakosa mwamuzi. Kenya nayo ilikuwa na viwanda vingi kuliko wenzake, jambo ambalo mkataba wenyewe ulilikiri kwa kuruhusu kodi ya uhamisho, yaani ushuru ambao nchi yenye viwanda vichache ingeweza kuzitoza bidhaa za mwanachama mwenzake.

Hatua ya nne ni kuonyesha ukomo wa mfano. Jumuiya ya sasa, iliyoasisiwa kwa mkataba wa Novemba 1999, ilifikisha wanachama wanane Somalia ilipojiunga mwaka 2024, na hitimisho lililotokana na nchi tatu halihamishiwi huko bila kupimwa upya.

Kabla ya kuikabidhi insha, kila nchi iliyotajwa na iondolewe kwa muda; ikiwa hoja inabaki vilevile, nchi hiyo haikuwa ushahidi, na nafasi yake ipewe nyingine inayoijaribu hoja kwa kweli.