Uso wa Mwali si wa Kusuguliwa

Msomaji wa Makorora, Tanga, ambaye harusi yake imekaribia, ameuliza ashike lipi kati ya mawili: sabuni ya majimaji ya kuoshea uso aliyoletewa na dada yake kutoka Dar es Salaam, au singo ambayo somo wake, yaani kungwi anayemfunda, anataka asuguliwe usoni kila jioni mpaka siku ya ndoa. Ameeleza pia kwamba mashavu yake yana chunusi zilizovimba, na kwamba kila inayopona huacha doa jeusi.

Vitu hivyo viwili havina kazi moja. Sabuni ya uso huondoa jasho, vumbi, vipodozi na mafuta yatokayo kwenye tezi za ngozi, ilhali skrabu, yaani kipodozi chochote chenye chembechembe za kusugulia, huondoa seli zilizokufa juu ya ngozi, ambazo hata zikiachwa hupukutika zenyewe kadiri seli mpya zinavyopanda kutoka chini kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Singo, kwa kuwa ni maua makavu kama asumini na mawaridi yaliyosagwa pamoja na liwa na viungo, kisha yakakandwa kwa marashi, imo katika kundi la skrabu, na sifa yake ya haki imetokana na kusingwa mwili, yaani mikono, mgongo na miguu, ambako ngozi ni nene kuliko ya uso.

Chunusi hutokea pale kitundu cha kinyweleo kinapozibwa na mafuta pamoja na seli zilizokufa, bakteria wakaongezeka ndani yake na ngozi ikavimba. Kwa hiyo anayeisugua haizibui bali huipasua na kuuzidisha uvimbe. Katika ngozi nyeusi uvimbe huo huzichochea seli zinazotengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi, na rangi inayozidi hubaki kama doa linaloweza kudumu kwa miezi mingi. Madhara hayaishii hapo, kwani mwenye madoa na tarehe ya harusi hushawishika upesi kutumia mkorogo wa kuchubua ngozi, ambao mara nyingi huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na hivyo tatizo dogo la mashavuni hugeuka ugonjwa wa ngozi. Limau na sukari, dawa inayosifiwa mno vibarazani, nayo haifai, kwa sababu maji ya limau yakikutana na jua la pwani huweza kuunguza ngozi na kuitia weusi mpya.

Hata hivyo, si kila sabuni inafaa. Uchachu wa ngozi, unaopimwa kwa kipimo kiitwacho pH, huwa kati ya 4.5 na 5.5, ilhali sabuni ya kawaida ya kipande hufikia 9 au 10, na ndiyo maana huuacha uso umekakamaa, jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni usafi. Sabuni laini isiyo na manukato, ikipakwa kwa vidole na si kwa dodoki, yatosha asubuhi na jioni. Jasho la mchana wakati wa kaskazi huondolewa kwa maji matupu.

Somo naye asivunjiwe heshima: singo na ianzie shingoni kushuka chini, na liwa laini iliyosuguliwa juu ya jiwe yaweza kupakwa usoni bila kusugua, mradi isiwashe. Kwa chunusi zenyewe, dawa yenye benzoili peroksaidi hupatikana katika maduka ya dawa, lakini huhitaji wiki kadhaa kabla matokeo hayajaonekana, na zisipopungua, msomaji aende Hospitali ya Bombo, ambako akihitaji bingwa wa ngozi aweza kuelekezwa hospitali ya KCMC, Moshi, penye kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992. Aanze sasa, na wiki ya harusi asijaribu usoni kipodozi chochote kipya, hata kiwe zawadi ya nani.