Matunguru ya Rurambo: maswali kwa agronomu

Swali: Nina shamba la maharage huku Rurambo, milimani mwa Uvira, kando ya kijito. Kuna mmea mrefu wenye harufu ya tangawizi, tunalima, unarudi. Kiangazi nyasi zote zimekauka, wenyewe kijani tu. Ni nini?

Jibu: Ni matunguru, mama, jamii moja na tangawizi na iliki; wataalamu huyaita Aframomum. Kinachosimama kama mti ni majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe limelala udongoni, linatambaa, na kila fundo lina chipukizi. Ukilikata kwa jembe vipande vitano, huenda umepanda mimea mitano.

Swali: Basi nifanyeje?

Jibu: Lima kiangazi. Fuata shina kwa mkono hadi mwisho wake, litoe zima, ulianike juu ya jiwe mpaka likauke kabisa. Usilitupe kijitoni, litaota kwa jirani wa chini. Yanayochipua tena yakate mara kwa mara. Bila majani, shina huishiwa akiba. Moto haufai: unapita juu, shina liko chini.

Swali: Mbona sijawahi kuona ua lake?

Jibu: Kwa sababu unatazama juu. Inama, fukua majani makavu penye kitako cha mmea. Ua hutokea hapo, karibu na ardhi, laini, na halidumu. Baadaye linakuja tunda jekundu lenye umbo la kibuyu.

Swali: Watoto wanalila. Nihofu?

Jibu: Lililoiva halina tatizo, mradi wawe na hakika na mmea. Nyama yake nyeupe ni chachu yenye utamu. Mbegu zinawasha kama pilipili. Sokwe na gorila nao hulipenda, na wanapokunya mbegu mbali ndipo msitu unapopata matunguru mapya. Binamu yake wa Afrika Magharibi, melegueta, aliuzwa Ulaya kama kiungo tangu enzi za kati.

Swali: Mume wangu anataka tung'oe yote hadi ukingoni mwa maji.

Jibu: Hapo nampinga baba, kwa heshima zote. Mashina yale yaliyosukana hushika udongo wa mteremko. Mnakumbuka mjini Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba. Sisemi matunguru yangeizuia mvua ile. Nasema udongo tunaouachia huku juu ndio unaojaza mito kule chini. Shambani yang'oeni. Ukingoni yaacheni.