Vitofali vya Ninja na Watu Wanaovikusanya

Vijana wa Kidato cha Kwanza wakizungumza habari za ninja, wazazi huuliza: ninja ni mtu gani? Basi na tuanze hapo. Ninja walikuwa wapelelezi wa nchi ya Japani zamani za vita vya mabwana, katika karne ya 15 na ya 16, na wenye sifa zaidi walitoka Iga na Koga. Kazi yao ilikuwa kuingia kwa siri katika ngome ya adui, kusikiliza, na kurudi na habari. Kupanda majoka ni mambo ya hadithi. Ninja wa somo hili ni wa hadithi, tena kimo chake ni sentimita 4 tu, maana ametengenezwa kwa plastiki na kampuni ya LEGO ya mji wa Billund, Denmark.

Nataka kueleza kwa nini watu wazima, wenye kazi na watoto wao, wangali wakinunua na kuweka masanduku ya vitofali hivyo, yaitwayo Ninjago, tangu mwaka 2011 hata leo. Vitu vingi vya kuchezea hupendwa msimu mmoja, kisha husahauliwa chini ya kitanda. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni moja: kila kipya kinachotoka huungana na cha zamani.

Tutazame kwanza kipimo. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1932 na seremala mmoja, Ole Kirk Christiansen. Mwaka 1958 mwanawe, Godtfred, alisajili kitofali chenye vinundu juu na mirija ndani, ambacho hushika kingine barabara. Kutoka kinundu hata kinundu cha pili ni milimita 8. Kimo cha kitofali, bila kinundu, ni milimita 9.6. Vipimo hivyo havikubadilika. Kwa hiyo kitofali cha mwaka 1958 hukaa sawasawa katika ukuta wa nyumba ya ninja ya mwaka 2023.

Wanaopenda hesabu na wajaribu hili. Chukua vitofali viwili vya rangi moja, kila kimoja kina vinundu vinane katika safu mbili. Ukikiweka kimoja juu ya mwenziwe, vikielekea upande mmoja, waweza kukibandika kwa namna 21. Ukikikingamisha, namna 25. Jumla ni 46. Lakini uzungushe jengo lako nusu mzunguko, utaona kwamba namna 44 zaenda mbili mbili, kila moja ina pacha wake. Mbili tu hazina pacha. Basi 44 gawanya kwa 2, ongeza 2, unapata 24. Vitofali vitatu vyaunganika kwa namna 1,060. Na sita? Søren Eilers, mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alitumia kompyuta akapata 915,103,765. Mtu mwenye masanduku kumi, basi, hana vitu kumi tu.

Lakini kipimo peke yake hakitoshi. Kampuni hiyo hiyo ilitoa ninja wengine mwaka 1998, pamoja na ngome zao, na baada ya muda mfupi wakaondolewa dukani. Hawakuwa na hadithi ya kuendelea. Ninja wa 2011 walikuja pamoja na mchezo wa televisheni: Kai wa moto, Jay wa radi, Cole wa ardhi, Zane wa barafu, na mwalimu wao mzee, Wu. Hata hawa walikusudiwa kuuzwa miaka michache tu, kisha wawapishe wengine. Watoto hawakukubali. Mwaka 2014 wakarudishwa kwa nguvu, na mwaka 2017 wakafanyiwa sinema. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 walipoanza alitimiza miaka 20 mwaka 2023, na ninja wangali dukani.

Tazama chombo chao chenye matanga, Destiny's Bounty. Cha mwaka 2012 kilikuwa na vipande 680 hivi. Cha 2017, vipande 2,295. Cha 2020, vipande 1,781. Mkusanyaji mwenye cha kwanza hakitupi apatapo cha pili. Huviweka pamoja, akalinganisha tanga kwa tanga.

Walakini kitu kinachowashika zaidi ni mji. Ninjago City ilitoka mwaka 2017, vipande 4,867: chini mfereji na soko la samaki, katikati maduka, juu kabisa mkahawa. Mwaka 2018 ikafuata gati yake, vipande 3,553. Mwaka 2021 bustani, vipande 5,685, na ndani yake mna jumba la makumbusho la mambo ya ninja wenyewe (hili lanipendeza kuliko yote). Mwaka 2023 masoko, vipande 6,163, pamoja na gari la kuning'inia kwenye kamba. Sehemu hizi nne husimama ubavu kwa ubavu, njia ikaendelea kutoka moja hata nyingine. Jumla yake ni vipande 20,268.

Hapa ndipo penye ubishi. Sehemu ya kwanza iliuzwa Marekani kwa dola 300 hivi. Siku hizi haimo dukani, na aliyeanza na bustani humlipa mwenye kuiweka bei kubwa zaidi. Kwa hiyo wako wanaonunua sanduku wasilifungue kamwe. Watafiti wawili wa Higher School of Economics, Moscow, walichunguza seti 2,322 za LEGO za miaka 1987 hata 2015, wakaona kwamba bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka. Lakini wastani huficha mengi: nyingine zilipoteza nusu ya thamani yake.

Mimi nawaunga mkono wanaofungua. Mji uliofungwa katika karatasi hauungani na jirani yake, wala hakuna avukaye mfereji wake. Wanaofungua nao wana kazi yao. Jua huwageuza vitofali vyeupe rangi ya manjano, hivi kwamba Zane aliyeachwa dirishani hafanani tena na ndugu yake aliyekaa kabatini. Kwa sababu hiyo mkusanyaji hodari hununua kabati kwanza.