Viatu vya Magurudumu Safarini: Mafunzo Niliyopata Masasi, Newala na Ughaibuni

Vijana wa kwetu wanaopata nafasi ya kwenda kusoma nje huniuliza mara kwa mara: nibebe viatu vyangu vya magurudumu au niviache? Wengi wamejifunzia Dar es Salaam, wamevizoea, na wanadhani huko waendako kila mahali ni lami. Mimi nimevivaa Masasi, nimevivaa Newala, na nimevivaa Berlin nilipoishi. Ninayowaambia ni haya.

1. Ardhi ndiyo inayoamua

Gurudumu la kawaida la viatu hivi lina kipenyo cha milimita 80 hivi, ni gumu, na halina upepo ndani. Linataka lami au saruji. Sasa, uwanda wa Makonde, ilipo Newala, ni mchanga. Toka kidogo tu nje ya barabara kuu ya Newala, uingie njia ya kwenda kwenye mikorosho, utakuta hata mwenye baiskeli ameshuka anasukuma. Masasi kuna nafuu: lami ya kwenda Mangaka na Tunduru imelala vizuri, na sehemu kubwa ya mji ni tambarare katikati ya vilima vyake vya mawe.

Kwa hiyo usiulize kama nchi unayokwenda imeendelea. Uliza njia ya kutoka chumba utakacholala hadi mahali utakaposhinda imetandikwa nini. Mitaa mingi ya zamani ya Berlin imepangwa mawe ya kuchonga, na juu ya mawe hayo utatetemeka mpaka meno yagongane. Lakini jijini humohumo kuna Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 ukafunguliwa kwa wananchi mwaka 2010. Barabara zake mbili za kurukia ndege, kila moja karibu kilomita mbili, sasa ni za waendesha baiskeli, watembea kwa miguu na watu wa magurudumu. Sijapata kuona mahali pazuri zaidi pa kuvivaa.

2. Jifunze kusimama kabla ya kujifunza kwenda

Newala imekaa ukingoni mwa uwanda. Ukifika Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote hadi upande wa Msumbiji, na hapo unaelewa mji uko juu kiasi gani. Barabara ya Masasi lazima iushuke ukingo huo. Breki ya viatu hivi ni kipande cha mpira kwenye kisigino cha mguu mmoja, basi. Msimu wa korosho ukifika, Oktoba na kuendelea, malori yenye shehena ya magunia hupita hapo. Mteremko huo panda gari, viatu vikae begani. Ninasema hivyo kwa moyo wangu wote, maana nimewaona vijana wakiutazama kwa tamaa.

3. Beringi ni za kutunzwa, na fundi wake yupo

Kila gurudumu lina beringi mbili. Jozi yenye magurudumu manane ina beringi 16. Mchanga wa Newala huziingia kwa siku moja tu. Nilizipeleka Masasi kwa fundi baiskeli mmoja, mzee wa makamo, ambaye hakuwahi kushika kiatu cha namna ile. Hakushangaa hata kidogo. Alibandua vifuniko kwa ncha ya sindano, akazitumbukiza beringi kwenye kopo la mafuta ya taa, akazisugua kwa mswaki mkuukuu, akazianika juani juu ya kitambaa. Halafu kila moja tone la mafuta ya cherehani. Alizizungusha kidoleni moja moja, karibu na sikio.

“Hii bado inalia, mwanangu,” akasema, akairudisha koponi.

Beringi za viatu hivi ni namba 608, na namba hiyo hutumika katika mashine nyingi duniani. Ukiijua, utapata msaada popote. Beba alenki yako mwenyewe ya kufungulia magurudumu.

4. Beba ndala

Dukani, ofisini na ndani ya basi huingii na magurudumu. Ndala ndani ya mkoba zinamaliza tatizo.

5. Uliza sheria ya huko

Ujerumani, mvaa viatu hivi anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu: nafasi yake ni pembezoni, wala si katikati ya magari. Nchi nyingine zina taratibu zake. Mpakani ndiyo kabisa, vivue mapema. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililozinduliwa mwaka 2010, lina urefu wa mita 720 na linakuvusha hadi Msumbiji. Pale ni mahali pa ukaguzi. Tembea kwa miguu yako, pasi mkononi.

6. Pima kilo

Jozi moja pamoja na kofia ngumu na kinga za magoti na viganja hula kilo nne au tano za mzigo. Kilo hizo ndizo za korosho ambazo mama anataka uwapelekee wenyeji wako. Anayekwenda wiki moja abebe korosho. Anayekwenda kuishi mwaka mzima katika mji wa lami abebe viatu, kwa sababu vitampunguzia nauli, na jioni vitamkutanisha na watu asiowajua.

7. Nyumbani navyo vina kazi

Watoto wa Masasi walikuwa na magurudumu kabla yangu. Huokota beringi chakavu gereji, wakazipachika kwenye mbao, wakapata gari la kusukumana. Nilipovaa viatu vyangu kwenye sakafu ya saruji walinizunguka, na swali lao la kwanza lilikuwa kuhusu beringi: za ukubwa gani, zinatoka wapi.

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami vipande vipande. Ombi langu kwa wahandisi na halmashauri zetu ni bega pana la lami kila inapopita mjini. Watakaolitumia zaidi ni wanafunzi waendao shule kwa miguu, akina mama wenye ndoo na wenye baiskeli. Hao watoto wa beringi nao wapate mahali pao, mbali na malori.