Mbegu Iliyopigwa Mionzi: Usidanganywe na Chipukizi

Makomredi, wacha nianze na kosa langu. Mwaka wa pili tulipewa mbegu za ngano zilizopigwa mionzi ya gama kwa dozi mbalimbali, tuzipande na kuandika ripoti. Siku ya nne nikahesabu: karibu zote zimeota, hata za dozi kubwa kabisa. Nikaandika kwamba mionzi haina madhara, nikakusanya kazi mapema. Wiki ya pili nikapita kwenye trei. Zisizopigwa mionzi zimerefuka vizuri, lakini za dozi kubwa ziko palepale, fupi kama njiti ya kiberiti, nyingine zinakauka. Ripoti ilikuwa imeshaenda!

Nilikosea wapi? Ngano ni ya jamii ya nyasi, pamoja na mahindi, mpunga na shayiri. Mche hukua kwa njia mbili: seli kutanuka na seli kugawanyika. Ndani ya mbegu kavu tayari kuna seli. Zikinywa maji hutanuka, chipukizi likatoka. Mionzi hukata DNA, na seli yenye DNA iliyovunjika hushindwa kugawanyika. Kwa hiyo chipukizi linatoka kwa akiba, kisha linakwama. Ukihesabu kuota peke yake, umepima akiba tu.

Pima hivi. Weka kundi lisilopigwa mionzi la kulinganishia. Sawazisha unyevu wa mbegu kabla ya mionzi, maana unyevu hubadilisha matokeo. Baada ya wiki mbili pima urefu wa miche, kisha uhesabu iliyo hai. Chora grafu ya urefu dhidi ya dozi, inayopimwa kwa grei.

Nyumbani mama aliniuliza kama mbegu hizo zitatuletea mionzi shambani. Hapana, Mama. Gama hupita na kuacha mabadiliko ndani ya mbegu. Haiigeuzi kuwa chanzo cha mionzi.

Sasa kwa nini mtu aumize mbegu makusudi? Mwaka 1928 Lewis Stadler wa Marekani alichapisha matokeo ya shayiri aliyoipiga eksirei: mabadiliko ya kurithi yaliongezeka. Mengi hayafai, machache ni dhahabu. Hapa Kenya, kutu ya shina aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda, ilitishia ngano yetu. Chuo Kikuu cha Eldoret, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kilitumia mionzi kupata Eldo Ngano 1, aina inayostahimili kutu hiyo. Ilitolewa kwa wakulima mwaka 2014.

Ila usitafute dhahabu kwenye mimea ya kwanza. Mabadiliko mengi hujificha hadi kizazi cha pili, kwa hiyo vuna, panda tena, ndipo uchague. Na komredi, ukipewa trei muhula huu, usikusanye ripoti siku ya nne.